Shaba Imepandisha

Jumamosi ya tarehe kumi na nne Agosti, mwaka 1954, baada ya adhuhuri, uani kwa Bwana Hamoud mwenye duka, Temeke, siku ya harusi ya binti yake, moto wa Shomari uligeuka kijani, na kuanzia hapo mambo yake yote yakaenda mrama.

Wala hakikuwa kijani cha kubabaisha, cha mtu kusema labda ni macho yangu. Kijani hasa, kama jani la mgomba lililonyeshewa, na kingoni kina samawati inayochezacheza. Ndimi zililamba tumbo la sufuria la pilau, zikapanda mpaka mfunikoni, zikajipinda pale juu kama zinasikiliza umbea. Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu waliinua macho mara moja tu. Walipoyashusha walikuwa tayari wako nje ya ua, na vitunguu vimebaki vyenyewe.

Shomari alisimama na mwiko wake mrefu kama kasia. Akainama, akachungulia mekoni, akainuka, akasema neno alilolisema kila alipofikwa na baya, awe ameumwa na siafu au amekuta mtungi mkavu:

"Serikali hii!"

Yaani mtu huyu mvua ikichelewa, serikali. Mvua ikizidi, serikali. Kuku wake akitaga yai viza, yeye husimama barazani akatazama upande wa mjini, kwenye maofisi, kama anayengoja mtu atoke huko aje ajieleze. Alianza tabia hiyo mwaka homa ilipomchukua mkewe, Sikudhani, na majirani walimwachia, kwa sababu mjane wa kiume ana haki ya kumnunia mtu, na ni afadhali amnunie asiyekaa mtaani.

Lakini siku hiyo hakuwa amekosea sana. Miaka yote Shomari alipikia shughuli za watu kwa kuni za mikoko, zinazowaka taratibu na kuacha kaa la maana. Ndipo wale wakubwa, ambao tangu wazaliwe hawajapuliza hata jiko moja, wakaamua kwamba mkoko haukatwi bila kibali. Kibali hutolewa na ofisi, na ofisi hufunguliwa karani wake akijisikia. Wakubwa hao hao wakavunja tishari moja bovu lililokuwa likibebea mizigo melini, wakalundika mbao zake, wakaziuza kuwa kuni. Karani alisema, "Kuni kavu, baba, safi kabisa." Hakusema kwamba mbao zile zimeishi majini umri mzima zikiwa zimevalishwa mabati ya shaba na kupigiliwa misumari ya shaba, mpaka shaba ikaota kutu, kutu ikalewa maji ya chumvi, ikanywewa na mbao. Aseme kwa nini? Kwake yeye chakula huja mezani kimeshaiva.

Sasa akatokea Bi Bahiya, mama yake Bwana Hamoud, bibi wa Kiarabu aliyezaliwa Temeke na kuzeekea hapo hapo. Sauti yake ilikuwa ikitangulia fimbo yake kwa hatua nyingi.

"Zima!"

"Shikamoo, Bibi. Pilau haijakauka."

"Marahaba, zima! Moto gani huu umevaa nguo?"

"Ni kuni tu, Bibi."

"Kuni mie nimezijua wewe hujazaliwa. Zina moshi, zina kaa, zina majivu. Hazina rangi ya kanga!"

Hapo mwanamke mmoja, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya ukuta wa makuti lakini ulimi wake haukujificha, akasema, "Kijani... si ndiyo rangi yake marehemu Sikudhani?"

Kweli. Sikudhani alipenda kijani. Hakwenda shughuli bila kanga ya kijani, na watu walimjua tangu mwanzo wa mtaa kabla hawajaiona sura yake.

Upande wa bwana harusi walikuwa wakitoka Ukonga, wakafika wakati mbaya kuliko wote, yaani baada ya habari na kabla ya maelezo. Mjomba wa bwana harusi aliusikiliza umati, akautazama moto, akavuta kanzu yake isiguse chochote. "Sie hatuli chakula kilichopikwa na marehemu," akasema. "Tutarudi Jumamosi ijayo, na nikahi isomwe Jumamosi ijayo, endapo moto wenu utakuwa kama moto wa watu." Wakageuka. Ndani, bibi harusi Wahiba alilia kwamba hina yake itafifia kabla mume hajaiona. Askari wawili walikuja kutawanya watu. Walipokuta hakuna mtu wa kutawanya, walikaa wakaila ile pilau, wakaongeza, wakakomba ukoko, na mpaka leo haijasikika kwamba waliota pembe.

Bwana Hamoud hakupiga kelele. Alimwita Shomari dukani, akamkalisha juu ya gunia la mchele, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

"Shomari, ndugu yangu. Umenipikia aqiqa za wanangu wote. Lakini mama yangu hali, halali. Nakupa mpaka Jumatano. Njoo unieleze moto ule ulikuwa nini, na mama aridhike. Akiridhika, utapika Jumamosi. Asiporidhika, namwita Anselmo."

Anselmo! Mtu aliyewapikia wazungu mpaka akaanza kuiogopa pilipili. Pilau yake ilikuwa nyeupe, imelowana, kama wali uliotoka hospitali na bado haujapona. Tena mpishi aliyetolewa kwenye shughuli kwa ajili ya moto wa ajabu hataitwa tena popote. Si harusini, si hitimani, hata jando hawatamwita. Mwiko wake utakuwa mwiko kweli, wa kutoguswa. Na nje ya mwiko ule Shomari hakuwa na kitu kingine duniani cha kumwinua asubuhi.

Alirudi nyumbani amebeba kipande cha ubao kwapani, akigombana na mtu asiyekuwepo.

"Sikudhani wakati wa uhai wake hakuniomba hata kijaluba. Leo ndiyo aje kuomba, kwa mdomo wa kuni? Tena mbele za watu?"

Ndivyo alivyosema njiani kwa sauti. Kuna jambo hakulisema hata kwa sauti ndogo. Kabla hajailaani serikali, pale moto ulipogeuka tu, moyo wake uliruka na midomo ikaanza kuitika, "Naam."

*

Chumba cha uani kwa Shomari kilipangwa na Mwalimu Gozbert, kijana wa Kihaya kutoka Bukoba, mfundisha hesabu na sayansi, mtu aliyekula ndizi asubuhi, mchana na jioni na kuitazama nazi kama mgeni asiyeaminika. Jumapili aliporudi kanisani alimkuta mwenye nyumba wake ameketi mlangoni pake, ubao mapajani.

"Mwalimu, wewe una habari za majini?"

"Mzee Shomari, mimi Mkatoliki."

"Sikukuuliza unasali wapi. Nimekuuliza unazo au huna."

Akamsimulia. Mwalimu akauchukua ule ubao, akaukwaruza kwa ukucha, ukatoa unga wa kijani. Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini.

"Ingia ndani, Mzee. Funga na dirisha."

Akawasha stovu yake, akaipampu mpaka mwali ukatulia, wa samawati, mwembamba. Akachovya ncha ya waya kwenye maji, kisha kwenye chumvi ya kupikia, akaipeleka motoni. Mwali ukaruka manjano, manjano tupu, mpaka ukuta ukafanana na kiini cha yai.

"Hiyo chumvi," akasema. Akausugua waya, akauchovya kwenye ule unga wa ubao. Mwali ukawa kijani. Shomari akaruka nyuma, akakanyaga mkungu wa ndizi.

"Ndiye huyo huyo!"

"Hiyo shaba. Mkeo hayumo. Sikiliza, Mzee. Kila kitu, shaba, chumvi, mimi na wewe, kimejengwa kwa vijitu vidogo mno vinaitwa atomu. Huvioni hata kwa miwani. Na ndani ya kila atomu kuna vitu vidogo zaidi, vinazunguka zunguka, vinaitwa elektroni. Sasa fikiria duka la Bwana Hamoud. Lina nini ukutani?"

"Lina rafu."

"Kopo la samli linakaa rafu ya chini, au ya kati, au ya juu. Umewahi kuliona limekaa hewani, katikati ya rafu na rafu?"

"Hapo duka litakuwa na jini kweli."

"Basi elektroni nayo hivyo hivyo. Ina rafu zake. Kwa kawaida inakaa rafu ya chini, imetulia. Ukiitia moto, moto unaipandisha rafu ya juu. Lakini huko juu siko kwao. Haikai. Inashuka. Na inaposhuka, zile nguvu ilizopandia haziwezi kupotea, inazitoa nje, puu, kwa mara moja. Kopo likianguka hutoa kishindo. Elektroni ikishuka hutoa nuru."

Shomari alikuna kidevu. "Hizo basi si watu wa serikali."

"Kwa nini?"

"Wa serikali wakipanda hawashuki. Na kama nuru wanayo, wanakaa nayo huko huko."

Mwalimu alijaribu asicheke, akashindwa. Akaendelea: kimo cha kuanguka ndicho kinachopanga rangi. Rafu za shaba zimepishana hivi, ndiyo maana inatoa kijani. Rafu za chumvi zimepishana vingine, ndiyo maana manjano. Hakuna anayeazima rafu za mwenzake.

"Kwa hiyo moto unaipandisha," Shomari akasema, akihesabia vidole ili asipoteze.

"Unaipandisha."

"Ikishapanda, haitulii."

"Hata kidogo."

"Halafu inashuka, na ikishuka inatoa nuru. Na kila mmoja ana rangi yake."

"Kila kitu na rangi yake, tena haibadiliki. Wataalamu wakiitazama rangi tu, wanajua huyu nani."

Shomari alishukuru kwa mikono miwili, akavaa kofia, akaenda zake kwa Bwana Hamoud. Njia nzima alirudia maneno asiyasahau. Lakini njia ilikuwa na watu wa kusalimiana nao, na kwa kila salamu likamponyoka neno moja. Atomu ilimtoka penye kisima. Elektroni ilimtoka alipojibu salamu ya jirani. Alipofika mbele ya Bi Bahiya, aliyekuwa akinywa kahawa ubavuni mwa mwanawe, mkononi mwake limebaki moja tu, nalo akalitoa kwa fahari:

"Bibi, nimeshajua. Shaba ilipandisha."

Bi Bahiya akakiweka kikombe chini polepole.

"Ilipandisha?"

"Ilipandisha, Bibi. Moto uliipandisha. Kisha ikashuka."

Sasa, Temeke ile, mtu akisema fulani kapandisha, hakuna anayefikiria rafu. Maana yake kichwa kimechukuliwa na aliyekichukua si mtu. Leteni ubani, mfunikeni shuka ya rangi yake, mwulizeni jina, mwulizeni anataka nini.

"Nilijua!" Bi Bahiya akapiga fimbo sakafuni. "Hamoud, nilikwambia au sikukwambia? Na nani kakueleza, Shomari?"

"Mwalimu Gozbert, mpangaji wangu. Kanionyesha chumbani kwake. Kaipandisha mbele yangu, na ya chumvi pia kaipandisha. Wote anawajua kwa rangi zao."

"Chumbani kwake! Bila ngoma?"

"Ana stovu tu."

"Mtu wa wapi huyo?"

"Bukoba."

"Ahaa. Kule wana ziwa kubwa," akasema Bi Bahiya, kama kwamba hilo limemaliza kila kitu.

*

Jumatatu Mwalimu Gozbert alitoka shule akiwa na chaki mikononi, akakuta baraza imejaa. Mmoja kaja na ubani, mwingine na sinia la halua, mwingine kamshika binti yake mkono. Wote walisimama alipotokea.

"Fundi kaja," wakanong'onezana. "Mdogo hivi!"

"Fundi, shikamoo," akasema mama mmoja mwenye umri wa kumzaa. "Huyu mwanangu, pepo wake alipanda tangu mfungo mosi, hajashuka mpaka leo. Mtazame rangi tu, utuambie nani."

"Mama, mimi ni mwalimu wa hesabu."

"Ndiyo, baba. Hesabu ya nyota, au?"

Aliingia ndani mbio, akamkuta Shomari anachambua mchele.

"Mzee Shomari! Umewaambia nini watu hawa?"

"Nimewaambia ulivyosema."

"Nilisema nini?"

"Kwamba shaba ilipandisha."

"Elektroni! Elektroni za shaba zilipandishwa rafu ya juu!"

"Si ndivyo hivyo? Mie nimefupisha tu."

Mwalimu akashika kichwa, chaki ikambaki kwenye nywele. "Padre akisikia nafanya uganga, nitaeleza nini?"

"Na mie nikinyang'anywa mwiko nitaeleza nini? Bi Bahiya kaleta na kitambaa cha kijani, anasema ni cha shaba, ijifunike. Halafu ameuliza inakunywa nini. Mwalimu, mie sina la kumjibu. Jumatano ndiyo mwisho. Twende ukaseme mwenyewe, kwa mdomo wako, au Jumamosi harusi ya watu italishwa uji wa Anselmo."

Gozbert alitaka kukataa. Lakini halua ilikuwa imeshaingia ndani, na yeye alikuwa ameshakata pembe moja.

*

Jumatano alasiri walikusanyika dukani kwa Bwana Hamoud. Milango ilifungwa pakawa giza la wastani. Bi Bahiya alikalia kiti pekee. Wahiba alichungulia kwa nyuma ya pazia, akiinua mikono yake isisugue kitu. Mwalimu aliweka stovu juu ya meza ya kupimia.

"Kwanza kabisa," akaanza, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "ningependa ifahamike kwamba hakuna jini. Kuna atomu."

Bwana Hamoud akaruka kama aliyekalia kaa la moto. "Atomu? Ile ya kwenye redio? Ya bomu? Ndani ya pilau yangu?"

"Si bomu, Bwana Hamoud. Atomu ni..."

"Duka langu, nyumba yangu, mama yangu humu humu! Izime stovu hiyo!"

Ilibidi Shomari amshike bega. "Bwana Hamoud, tulia. Hata wewe unazo. Mwalimu kasema zimo humo ndani yako."

"Mie?"

"Zimejaa tele. Na hujalipuka, ila leo."

Pazia likacheka. Mwalimu akaona maneno hayatamfikisha popote, akapanda kiti, akalitoa kopo la biskuti rafu ya chini kabisa, akaliweka ya pili. Akaliachia. Likaanguka, ko. Akalipandisha rafu ya juu kabisa, akaliachia tena. Likaanguka, pwaa, na biskuti zikamwagika mpaka miguuni kwa Bi Bahiya.

"Mmesikia? Lilipotoka karibu, kishindo kidogo. Lilipotoka mbali, kishindo kikubwa. Nuru ni hivyo. Iliyoanguka kimo kifupi ni nyekundu. Kimo kirefu, ni samawati. Kijani iko katikati."

"Biskuti nani atanunua?" akauliza Bwana Hamoud.

"Kaa kimya, Hamoud," akasema mama yake. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa. Miaka mingi amekaa kwenye shughuli za pepo, na fundi anayejua kazi alimjua. "Mwanangu, nataka nikuulize, na unijibu bila kuzunguka. Hawa wako wakipanda, wanadai nini?"

"Hawadai kitu, Bibi. Wamepewa joto tu, basi."

"Wanataja majina yao?"

Mwalimu akasita. "Hawasemi. Lakini... ukitazama rangi, jina unalijua."

"Na wakishuka, wanamwacha mtu mzima?"

"Wanaiacha shaba vilevile kama ilivyokuwa."

"Mmoja hawezi kujifanya mwingine?"

"Kabisa, hawezi."

Bi Bahiya akaegemea. "Basi ni wale wale tunaowajua sie. Ila wako wana adabu zaidi."

Mwalimu alifungua mdomo ili abishe. Shomari akamkanyaga mguu.

"Lakini bado," Bi Bahiya akaendelea, na sauti ikashuka. "Nitajuaje ni ya shaba, si ya mke wa huyu? Ubao alikuwa nao yeye. Kafika nao nyumbani kwake, kalala nao. Sikudhani angeweza kuingia."

Hapo ndipo palipokuwa na mambo yote. Shomari alijua. Akimjibu vibaya, mwiko umekwenda. Mwalimu naye alizungusha macho dukani, yakatua juu ya dele la kahawa la Bi Bahiya mwenyewe, dele la shaba la zamani lililotoka Maskati na babu zake, na chini ya mpini wake pameota kutu ya kijani mahali ambapo kitambaa hakifiki.

"Dele hili, Bibi. Mzee Shomari aliwahi kuligusa?"

"Aliguse kwa nini? Hilo hagusi mtu. Hata Hamoud simwachii."

Mwalimu akakwaruza kidogo ile kutu, akaidondoshea matone ya ndimu na chembe ya chumvi, akachovya waya. Akaupeleka motoni.

Kijani. Kijani kile kile, na kingoni samawati inayochezacheza.

Wahiba akapiga ukelele akashika mdomo, kisha akakumbuka hina, akaiinua mikono tena. Bwana Hamoud akasema, "La ilaha..." akaacha palepale. Bi Bahiya alilitazama dele lake, akautazama moto, akalitazama tena dele. Wote walingoja apasuke.

"Basi miaka yote hii," akasema hatimaye, "nimekunywa kahawa naye."

"Bibi, si jini..."

"Nimekusikia, mwanangu. Elekitiri yako. Sina neno naye. Hataki ngoma, hataki damu, halii, hamtukani mtu. Anapanda akiitwa, anashuka mwenyewe, anatoa nuru anaondoka. Nimeolewa mara mbili, na hakuna aliyenifanyia hivyo." Akainuka kwa fimbo. "Hamoud, Shomari atapika. Lakini zile mbao za tishari zitoke Temeke."

"Na iwe hivyo," akadakia Mwalimu, akishukuru kupata kitu cha kukubaliana. "Moshi wake si mzuri kwa kifua hata kidogo."

"Umeona? Wa adabu, lakini moshi wake mkali. Ndivyo walivyo."

Watu wakacheka, milango ikafunguliwa, mwanga ukaingia, biskuti zikaokotwa. Bwana Hamoud akampa Shomari mkono. Kila mtu alimwangalia aone furaha yake. Naye alifurahi, meno yalionekana. Lakini alikuwa bado anaitazama stovu iliyozimwa. Sasa kijani ni cha mtu yeyote. Ni cha dele, ni cha msumari, ni cha karani anayeuza mbao. Si cha Sikudhani. Kama kuna mtu alimwita Jumamosi ile, hakuwa yeye. Shomari hakujua kwamba mtu anaweza kupewa haki yake mbele za watu na wakati huo huo akaporwa.

*

Jumamosi iliyofuata moto ulikuwa moto wa watu. Kuni za mkorosho, Bwana Hamoud kazitafuta mwenyewe. Watu wa Ukonga walifika, mjomba akainama mpaka mekoni, akahakikisha wekundu, akakubali kwa kichwa akaingia ndani. Nikahi ikasomwa. Hina ya Wahiba ilikuwa imefifia, wakampaka upya juu ya ile ya zamani, na wanawake wakasema imekolea kuliko ya mtu yeyote. Masinia yalikwenda yamejaa yakarudi yameng'aa. Anselmo naye alialikwa. Alikula kimya, akatokwa machozi kwa pilipili, akaomba tena.

Mwalimu Gozbert alizunguka uani na sahani yake, akachuchumaa kando ya meko. Sufuria la pili lilikuwa likichemka. Maji yenye chumvi yakafurika, yakatiririka ubavuni mwa sufuria, na mwali ulioyapokea ukaruka manjano, ukakaa kidogo, ukarudi wekundu. Shomari aliutazama mpaka ukaisha.

"Mwalimu. Ile ikishafika rafu ya juu, inakaa muda gani?"

"Kidogo mno, Mzee. Kabla hujapepesa jicho imeshashuka."

"Zote sawasawa?"

"Hapana. Nyingine inashuka papo hapo, nyingine inakawia kuliko mwenzake."

"Kwa nini? Shaba ni moja. Moto ni mmoja. Zimepanda pamoja, zimekaa rafu moja, bega kwa bega. Kwa nini hii ishuke sasa hivi, na mwenzake wa ubavuni abaki?"

Mwalimu alikuwa na tonge mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Zikiwa nyingi tunaweza kukisia," akasema taratibu. "Tunaweza kusema, kwa muda fulani nusu yake zitakuwa zimeshuka. Lakini ukiishika moja, ukauliza hii itashuka lini, hapo hakuna hesabu."

"Hata wakubwa hawajui?"

"Wakubwa gani?"

"Wa Ulaya. Waliokuandikia vitabu."

"Hata wao, Mzee. Wanabishana wenyewe kwa wenyewe. Wengine wanasema hakuna sababu kabisa, inashuka tu. Wengine wanasema haiwezekani, lazima iwepo, sie ndio hatujaiona."

Shomari aliuchovya mwiko, akageuza mchele wa chini ukaja juu. Mwaka ule wa homa walikuwa wanawake wengi, wa mtaa mmoja, wamelazwa kwenye mkeka mmoja, wamenyweshwa dawa ya chupa moja. Wa kushoto kwa Sikudhani alikuwa humo ndani sasa hivi, anapiga vigelegele; sauti yake ilikuwa ikisikika juu ya zote. Miaka hii yote Shomari ametafuta ofisi ya kuipelekea jambo hilo.

Akaugonga mwiko ukingoni mwa sufuria, mchele ukaanguka, akamgeukia kijana.

"Haijasukumwa. Haijaitwa. Mwenzake iko palepale ubavuni, haina habari. Basi nani anaiambia, haya wewe, shuka sasa?"